Mjadala: Je, mwaka wa besiboli unampunguzia Michael Jordan hadhi ya mchezaji bora wa nyakati zote?

Ndugu wachangiaji, kabla yangu zimetolewa hoja mbili. Mchangiaji wa kwanza amesema kuwa LeBron James amempita Jordan kwa sababu hakuwahi kuuacha mpira wa kikapu, ilhali Jordan aliondoka Oktoba 1993 akiwa bado na nguvu zake zote, akaenda kuhangaika na besiboli na kupoteza karibu misimu miwili. Wa pili akaongeza kuwa besiboli yenyewe ni mchezo wa kusinzia, haustahili hata kutajwa tunapozungumzia magwiji wa kikapu. Napingana na wote wawili.

Nianze na suala la hesabu. Kama ubora ni wingi wa mataji, basi mjadala huu ulikwisha mwaka 1969, Bill Russell alipostaafu akiwa na mataji 11 aliyoyatwaa na Boston Celtics katika misimu 13. Kama ni wingi wa pointi, LeBron hana mpinzani, kwani alimpita Kareem Abdul-Jabbar Februari 2023 na baadaye akavuka pointi 40,000. Hata hivyo, Kareem alikuwa ameishikilia rekodi hiyo kwa karibu miaka 39, na katika muda wote huo ni wachache mno waliosema kwamba kwa sababu hiyo yeye ndiye mkubwa kuliko Jordan. Kipimo ambacho tunakitumia pale tu kinapompendelea tunayempenda si kipimo cha haki.

Mimi nauliza hivi: mchezaji alipofika kileleni, nani aliweza kumnyima taji? Kuanzia msimu wa 1990–91 hadi ule wa 1997–98, Jordan alicheza misimu sita mwanzo hadi mwisho, na yote sita Chicago Bulls walitwaa ubingwa, naye akachaguliwa mchezaji bora wa fainali kila mara. LeBron amefika fainali mara kumi, jambo ambalo ni la kustaajabisha, na ushindi wake wa 2016 dhidi ya Golden State Warriors, baada ya kuwa nyuma kwa mechi tatu kwa moja, nitausimulia hata uzeeni. Lakini kati ya fainali hizo kumi alipoteza sita. Msimu wa 1994–95 nao siuruki: Jordan alirejea Machi zikiwa zimebaki mechi 17, Orlando Magic wakamtoa katika raundi ya pili ya mtoano, na taji likaenda tena kwa Houston Rockets ya Hakeem Olajuwon, kijana wa Lagos. Wanaosema kwamba Jordan angekuwa na mataji manane kama asingeondoka wanampokonya Olajuwon jasho lake, nami simo katika kundi hilo.

Sasa tuje kwenye besiboli. Huyu alikuwa mtu wa miaka 31 ambaye hakuwa ameshika gongo la kupigia mpira kwa ushindani tangu akiwa mwanafunzi wa sekondari, na baba yake, aliyetamani siku moja amwone akicheza mchezo huo, alikuwa ameuawa Julai 1993. Mrushaji husimama umbali wa mita 18 hivi, na mpira wake humfikia mpigaji kwa muda usiofika nusu sekunde. Ule uliopindishwa huja kana kwamba unalenga kifua, kisha unazama ghafla kuelekea magotini wakati gongo limekwisha kuanza safari yake, na mpigaji anakata hewa tupu; akifikisha makosa matatu, anatolewa. Akiwa na Birmingham Barons, timu ya daraja la chini, Jordan alitolewa hivyo mara 114, na wastani wake ukawa .202, yaani alifanikiwa kupiga na kufika kituoni mara mbili tu katika kila kumi. Hata hivyo alicheza mechi 127, akapanda mabasi na vijana wasiojulikana, akaiba vituo 30, yaani alikimbia hadi kituo cha mbele bila kungoja mpira upigwe. Anayeuita mchezo huo wa kusinzia atueleze kwa nini ulimshinda mwanamichezo kama yule.

Hasira yangu iko kwa wanaouendesha mchezo huo. Tarehe 12 Agosti 1994 wachezaji wa ligi kuu waligoma kwa sababu wamiliki wa timu walishikilia kuwekwa kikomo cha mishahara, na Septemba fainali za mwaka huo zikafutwa, jambo ambalo halikuwa limetokea tangu 1904. Montreal Expos walikuwa wakiongoza ligi nzima kwa ushindi 74 na vipigo 40. Hawakupata nafasi nyingine ya namna ile, na baada ya msimu wa 2004 timu ikahamishiwa Washington. Wamiliki wakaamua kuanza msimu wa 1995 na wachezaji wa kuziba nafasi za waliogoma. Jordan alikataa kutumiwa kuvunja mgomo wa wenzake, akaondoka kambini Machi 1995, na mwezi huohuo akarudi Chicago kwenye kikapu.

Ndiyo maana siwezi kuuhesabu mwaka ule kuwa doa. Kinachonikera ni kwamba ugomvi uleule wa pesa katika besiboli haujakwisha: wakati Los Angeles Dodgers walikubali kumlipa nyota wa besiboli Shohei Ohtani dola milioni 700 kwa miaka kumi, Chicago White Sox walipoteza mechi 121 msimu wa 2024, jiji la Oakland likanyang'anywa timu yake, na mkataba kati ya wamiliki na wachezaji unafikia mwisho wake tarehe 1 Desemba 2026.

Namwomba mchangiaji wa kwanza aitazame tena tarehe 16 Juni 1996, iliyoangukia Siku ya Akina Baba nchini Marekani. Bulls walikuwa wameshinda mechi 72 msimu huo, na taji la nne lilikuwa limepatikana usiku uleule. Jordan alilala kifudifudi sakafuni katika chumba cha kubadilishia nguo, ameukumbatia mpira, akilia kwa sauti. Atueleze ni msimu gani wa LeBron anaouweka juu ya ule, na kwa sababu gani.