Nataka wiski isiyo na moshi, bajeti laki moja. Ninunue ipi?

Nyegezi Kwetu:

Wakuu, habari za jioni.

Mimi ni mtu wa bia na Konyagi tangu zamani. Wiski nimeanza kuionja mwaka huu baada ya kuhamishiwa kitengo kingine kazini na kuanza kukaa meza moja na mabosi. Wao ni Black Label tu. Naagiza kama wao, ila kila nikipiga funda nasikia moshi, kama mtu aliyekaa upande ambao upepo unaleta moshi wa jiko. Wanasema nitazoea, lakini mpaka leo sijazoea.

Halafu nilikuwa kwenye harusi hapa Mwanza nikamiminiwa wiski nyingine. Chupa sikuiona. Ilikuwa laini, ina kautamu kwa mbali, na moshi hakuna kabisa. Hiyo niliipenda kweli.

Sasa mwisho wa mwezi nataka mzinga mmoja wa kuweka nyumbani, nikae nao taratibu na mgeni akija nimkaribishe. Bajeti ni laki moja, nikijikaza laki na ishirini. Naombeni mnisaidie: ipi haina moshi? Hizi namba za miaka 12, 15, 18 maana yake nini, na je, kubwa ndiyo tamu? Na maji na barafu vipi? Kuna jamaa mezani anasema ukitia maji umeitukana wiski.

Bonge la Sinza:

Black Label ndiyo wiski mkuu. Vumilia, ulimi utakubali wenyewe.

Kaunta ya Arusha:

Mkuu Nyegezi, usivumilie kitu unachokilipia. Nafanya kazi kaunta ya hoteli hapa Arusha kwa muda mrefu sasa na watu wa aina yako nawahudumia kila wiki. Mtu anasema hapendi wiski, kumbe hapendi moshi. Hayo ni mambo mawili, na ukishayatenganisha, kuchagua kunakuwa kazi nyepesi.

Huo moshi unaingia mapema sana, hata pombe yenyewe haijaanza kutengenezwa. Shayiri inalowekwa mpaka iote, inakuwa kimea, kisha lazima ikaushwe. Sehemu kadhaa za Scotland, hasa kisiwa cha Islay, miti ni michache. Walichokuwa nacho ni udongo mweusi wa mimea iliyooza kwenye maeneo ya majimaji kwa maelfu ya miaka. Wanaukata vipande, wanaukausha, wanauchoma chini ya kimea. Moshi wake unashika kwenye nafaka na unafuatana nayo mtamboni, kwenye pipa, mpaka kwenye glasi yako. Black Label ni mchanganyiko wa wiski nyingi, na mojawapo ni ya Caol Ila, kiwanda cha hapo Islay. Ndiyo inayokusumbua. Double Black wameongeza moshi makusudi, hiyo usiiguse.

Ile ya harusini, kwa maelezo yako, ningesema ni Jameson, ingawa kwa mbali hivi siwezi kuapa. Jameson ni ya Ireland, inatengenezwa Midleton, Cork. Kimea chake hakikaushwi kwa moshi, na inapitishwa mtamboni mara tatu, wakati Waskoti wengi wanapitisha mara mbili. Ndiyo maana inateremka bila kukwaruza. Ukiitulia utasikia vanila, na kwa mbali kitu kama karanga iliyokaangwa. Kwa bei za maduka ninayonunua mimi, laki yako inaitosha na chenji inarudi.

Ukitaka utamu zaidi ya hapo, hamia Marekani. Jack Daniel's wa Lynchburg, Tennessee, asilimia 80 ya nafaka yake ni mahindi, na kabla haijaingia kwenye pipa inachujwa kwenye mkaa wa mti wa mepo (maple). Mapipa yenyewe ni ya mwaloni mpya uliounguzwa ndani. Utasikia sukari iliyoungua na ndizi mbivu. Wengine wanaona imezidi utamu, wengine hawataki nyingine. Kaunta yangu inauza zote mbili sana.

Ushauri wangu wa kwanza kabla hujatoa laki: nenda baa moja yenye kaunta nzuri siku isiyo na watu wengi, Jumanne au Jumatano. Agiza toti moja ya Jameson na toti moja ya Jack, glasi mbili tofauti, bila barafu, na glasi ya maji ya kunywa pembeni. Kama wana glasi ya mvinyo, omba hiyo, kwa sababu mdomo wake mwembamba unakusanya harufu. Usichomeke pua ndani ukavuta kwa nguvu, kilevi kitakuchoma na hutasikia kitu kingine. Shika glasi chini ya kidevu, fungua mdomo kidogo, uvute pole pole. Funda la kwanza ni la kuutayarisha mdomo tu, usilihukumu. La pili lizungushe kwenye ulimi, hesabu mpaka tano, meza, halafu pumua kwa pua. Harufu inayorudi wakati huo ndiyo ladha utakayoishi nayo mzinga mzima.

Namba za miaka: Scotland sheria inasema wiski lazima ikae kwenye pipa la mwaloni angalau miaka 3, na isipungue kilevi asilimia 40. Chupa ikiandikwa 12, maana yake iliyo changa kuliko zote humo ndani ina miaka 12. Kubwa unalipia muda, na unalipia pia kilichopotea, maana pipa linapoteza kama asilimia 2 kila mwaka kwa mvuke. Kwamba itakuwa tamu zaidi kwako, hiyo haiko kwenye mkataba. Kuna wiski za miaka mingi ambazo mbao imezidi mpaka mdomo unakauka. Jameson ya kawaida haina namba kabisa, na wewe uliipenda.

Maji nitarudi baadaye, zamu inaanza.

Binti wa Nyali:

Kaka wa Arusha umeeleza vizuri, lakini naomba niwatetee watu wa moshi, tusije tukaonekana tunajitesa.

Mimi wiski iliyonikamata ni Talisker ya miaka 10, ya kisiwa cha Skye. Ina moshi, ndiyo, lakini nyuma yake kuna chumvi ya bahari na pilipili manga, na kwangu mimi niliyezaliwa pwani hiyo harufu ni ya nyumbani kabisa. Naipata kwa bei nafuu kidogo mtu wangu akipita uwanja wa ndege. Nainywa na samaki wa kuchoma, ndimu nyingi, na sitaki soda yoyote karibu yake.

Kaka Nyegezi, nunua ya ulaini sasa, lakini moshi usiufungie mlango. Baada ya mwaka mmoja onja toti ya Talisker uone. Laphroaig ndiyo uiache kwanza. Ile harufu yake ni ya dawa ya vidonda hospitalini, na mimi mwenyewe naipenda siku za mvua tu.

Mzee wa Speyside:

Vijana, mnampoteza mwenzenu. Ajikaze miezi miwili anunue Glenfiddich 12 au Glenlivet 12. Hizo ni single malt, hazina moshi. Hizo za kuchanganywa ni za kunywa na Coca.

Kaunta ya Arusha:

Nimerudi. Mzee wa Speyside, shikamoo. Chaguo lako nalikubali kabisa, ila hiyo sababu ndiyo siikubali.

Single malt maana yake ni kimea cha shayiri kitupu, kutoka kiwanda kimoja. Basi. Inakuambia wiski imetoka wapi na imetengenezwa na nini, haikuambii itakukaa vipi mdomoni. Laphroaig nayo ni single malt, na huyu bwana akiinywa hatarudi tena kwenye wiski. Wa kuchanganya nao wana ufundi wao. Kuchukua mapipa ya viwanda vingi na kufanya chupa ya mwaka huu ifanane na ya mwaka jana si kazi ya mchezo.

Lakini Glenfiddich 12 kwa ladha anayoitafuta, naam. Inatoka Dufftown, pale Speyside, Scotland, na ukiinusa utasikia peasi mbichi na asali. Inazidi laki na ishirini yake kwa maduka ya huku, labda akimpata mtu anayesafiri. Katikati ya hapo kuna Monkey Shoulder. Hiyo ni kimea kitupu lakini cha zaidi ya kiwanda kimoja, haina moshi, imejaa vanila, na hata ukiichanganya haipotei. Ikiwa dukani kwenu ipo ndani ya bajeti, mkuu Nyegezi, ilinganishe na Jameson kabla hujaamua.

Sasa maji. Huyo jamaa wa mezani kwenu mwambie kwamba wiski nyingi zinatoka kwenye pipa zikiwa na kilevi kinachozidi asilimia 50, na kiwanda chenyewe kinatia maji kuishusha mpaka 40 kabla ya kuijaza kwenye chupa. Mwaka 2017 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Linnaeus, Sweden, walichunguza jambo hili kwa kompyuta, wakaona kwamba maji yanapoongezeka, chembe moja ya harufu inayoitwa gwayakoli inapanda juu ya kinywaji, karibu na pua. Gwayakoli ni mojawapo ya harufu za moshi. Kwa hiyo ukitia maji kwenye Black Label ya mabosi, usishangae moshi ukizidi kuliko kupungua. Kwa Jameson tia kijiko kimoja cha chai, koroga, onja, uongeze ukipenda.

Barafu inafanya kinyume, inafunga harufu na kutuliza ukali. Mwanza kuna joto, hakuna ubaya wowote. Weka vipande vikubwa viwili vitatu, vidogo vinayeyuka haraka na kukuachia maji matupu. Na Jumapili mchana, toti ya Jameson, barafu glasi nzima, ndimu robo, ujazilize na Stoney Tangawizi. Nimewapa wageni wa kutoka Dublin wakaomba tena.

Nyegezi Kwetu:

Wakuu, nawashukuru sana. Nimefanya kama alivyosema Kaunta, toti mbili, glasi za mvinyo. Ya harusini ilikuwa Jameson, nimeitambua hata kabla ya kumeza. Jack nayo si mbaya, lakini baada ya nusu glasi nikaona utamu umenikinai. Kijiko cha maji kwenye Jameson kimenifurahisha, ile vanila nikaisikia wazi.

Swali la mwisho. Kuna duka mtaani wanaiuza karibu nusu ya bei ya supamaketi. Muuzaji anasema ni mzigo wa njia ya mkato. Nichukue?

Kaunta ya Arusha:

Usichukue. Nusu bei kwenye wiski ya nje, yenye ushuru wake, haipo. Ama imekwepa kodi, ama chupa ni halisi na kilichomo ndani si chenyewe. Chupa tupu za wiski zina soko lake, sisi hapa kaunta tunazivunja kwa sababu hiyo. Na pombe bandia inaweza kuwa na methanoli, inayoua macho na inayoua mtu.

Tazama stempu ya TRA iliyobandikwa kwenye chupa, uipige picha kwa programu yao ya Hakiki Stempu kwenye simu, itakuambia ni bidhaa gani na imetoka wapi. Jina likija tofauti na lililo kwenye lebo, rudisha. Kagua kifuniko: ile pete ya chini iwe haijakatika. Igeuze chupa juu chini mbele ya mwanga, usione vumbi linaloelea. Soma lebo herufi kwa herufi, maana wanaoghushi hukosea tahajia. Walio Kenya wana programu ya KRA inayoitwa Soma Label, kazi ni ile ile.

Binti wa Nyali:

Na mkishanunua, hesabuni toti. Toti ya mililita 30 yenye asilimia 40 ina mililita 12 za kilevi kitupu. Bia ya nusu lita ya asilimia 5 ina 25. Yaani toti mbili ni kama bia moja, na watu wanaomimina kwa macho nyumbani wanaweka toti tatu kwenye glasi wakidhani ni moja. Nunua kipimo cha chuma, si ghali.

Nyegezi Kwetu:

Nimeelewa wote. Ijumaa naenda supamaketi. Kaunta, nikishaifungua inakaa muda gani? Mimi si wa kuimaliza wiki moja. Na bosi akija nyumbani akakuta hakuna Black Label?

Kaunta ya Arusha:

Iweke kabatini, mbali na dirisha na mbali na jiko, imesimama wima. Kulaza ni kwa mvinyo. Wiski ukiilaza kilevi kinakula kizibo, hasa hizi zenye kizibo cha gome kama Glenfiddich. Ikiwa zaidi ya nusu itakaa mwaka bila shida. Ikibaki robo, hewa ndani ya chupa inakuwa nyingi na harufu inafifia mwezi kwa mwezi, kwa hiyo hapo ihamishie kwenye kichupa kidogo kisafi kikavu, au waite jirani.

Bosi mnunulie kile kichupa cha Black Label cha mililita 200. Kinatoa toti sita na kidogo, kinamtosha yeye na dereva wake asiyeendesha siku hiyo, na laki yako bado ina nafasi yake.