Viwanja pembeni ya kinamasi: mchoro A au B?

Mrithi2: Wakuu, tunakata shamba la familia viwanja vya makazi. Chini kuna kinamasi. Mpimaji kaleta michoro miwili. A: viwanja virefu, kila kimoja mkia wake unaishia kwenye matete. B: viwanja vidogo vimebanana upande wa juu, kinamasi kinabaki cha wote. Tunasaini wiki hii. Upi?

Kigingi: Ekari ngapi? Mteremko ukoje? Maji ni ya mwaka mzima au ya masika tu? Vyoo je, bomba la pamoja au kila mtu na shimo lake? Bila hayo tunapiga ramli.

MamaMjengo: A. Watu wanataka kiwanja kikubwa. Hapo chini mwageni kifusi, shindilieni, mmepata viwanja vingine.

FundiBomba: Dada, usimponze mwenzako. Mimi nilinunua kiwanja cha kifusi hivyohivyo, wakati wa kiangazi, pakavu unaweza kucheza mpira. Masika ya kwanza salama. Ya pili, nikivuta maji chooni yanapanda badala ya kushuka. Nafunua shimo: maji yamejaa mpaka mdomoni, tena meupe, na chura anaogelea. Si ya kwangu yale, ni ya ardhini. Baadaye ukuta wa jikoni ukapasuka, kidole kinaingia. Chini ya kifusi kumbe kuna tope jeusi la majani yaliyooza, linabonyea polepole. Jirani naye maji yakamhamia, maana yalipokuwa yanatulia tumepaziba. Hatusalimiani mpaka leo.

Kigingi: Na ukichagua A kila mtu atajaza mkia wake, kinamasi kiishe kipande kwa kipande. Chimbeni mashimo ya majaribio. Udongo wa kijivu wenye madoa ya kutu maana yake maji hukaa hapo, hata kama leo pakavu. Mpaka wa kinamasi uanzie hapo, kisha mwache ukanda wa nyasi wa kuchuja maji ya mapaa na barabara.

Tandabui: B, ila mbu?

Matete: Mbu huzaliwa pia kwenye ndoo, tairi na mitaro iliyoziba. Kinamasi kizima kina samaki na kereng'ende wanaokula viluwiluwi vya mbu.

Tandabui: Kwangu kereng'ende kibao na chandarua sijakunja.

MamaMjengo: Mali ya wote haina mwenyewe. Nani atazuia watu kumwaga taka humo?

Mrithi2: Kila mtu na shimo lake. Mteremko naulizia. Maji ni ya mwaka mzima, ila kaka anasema zamani kilikuwa kikubwa zaidi.

Kigingi: Kilikuwa kinafika wapi?