Mdogo wangu ameitwa jambazi kwenye habari, tufanyeje?

Hamjambo wanakikundi, naomba ushauri. Mdogo wangu, mwendesha boda hapa Kondele, Kisumu, alikamatwa kwenye msako, akaachiliwa bila kushtakiwa. Lakini kituo kimoja cha runinga kilikuwa kimeshamwonyesha amechuchumaa kando ya gari la polisi, pingu mikononi, na chini yake maandishi "Jambazi sugu anaswa". Kifungu cha 50 cha Katiba ya 2010 kinamlinda hata mshtakiwa hadi hatia ithibitishwe, sembuse yeye! Sasa wateja wanamkwepa stejini, na mama haendi tena kanisani. Tumepiga simu kwenye hicho kituo cha runinga, tumepeleka barua, kimya. Je, tuanze na Baraza la Vyombo vya Habari, au wakili kwanza, maana kesi ya kuchafuliwa jina ina muda wa miezi 12 tu? Na video iliyosambaa Facebook inaondolewaje?