Naomba ushauri: filamu ya mtoto na mnyama wa porini hapa Kigoma, nianzie wapi?

Baba Tunu: Ndugu wanajukwaa, poleni na majukumu. Ninaishi Mwanga, Kigoma mjini, na kwa muda mrefu nimekuwa nikiandika mswada wa filamu ya familia kuhusu binti wa miaka tisa, wa kijiji cha wavuvi, anayezoeana na mnyama wa porini mpaka watu wazima wanapotaka kuwatenganisha. Binti yangu ndiye atakayeigiza. Kamera ninayo, mwenzangu anajua kuhariri, na wazee wa kijiji kimoja kando ya ziwa wametukubalia tupige picha kwao. Nimekwama kwenye vibali. Je, nianze na Bodi ya Filamu au na watu wa wanyamapori? Na je, ni lazima niwahusishe hao wa wanyamapori ikiwa sitaingia hifadhini? Naomba majibu mapema, kwani muda haunisubiri na usingizi wenyewe siku hizi sina.

Mpiga Picha Mkongwe: Hongera kwa wazo. Anza na Bodi ya Filamu, kwa sababu Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya mwaka 1976 inataka kibali kabla ya kamera kuwashwa, na mswada wako utasomwa. Ukitaka kupiga ndani ya hifadhi za Gombe au Mahale, kibali kingine ni cha TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Lakini umeandika aya nzima bila kututajia mnyama. Ni mnyama gani, na atatoka wapi?

Bibi wa Cheyo: Mimi nauliza kuhusu mtoto. Anasoma darasa la ngapi, na wakati wa kupiga picha atakuwa likizo? Hapa Tabora niliona kijana akitolewa darasani kwa ajili ya maigizo, na mwaka uliofuata alikaa na wadogo zake darasa moja.

Muha wa Buhigwe: Kama mnyama bado hajapatikana, nina beberu ambaye akiona simu imeelekezwa kwake husimama wima mpaka picha iishe. Posho yake ni maganda ya ndizi.

Baba Tunu: Bibi, shikamoo. Tunu yuko darasa la tatu na masomo yake hayataguswa. Mnyama si tatizo. Turudi kwenye vibali tafadhali.

Mpiga Picha Mkongwe: Ndugu yangu, mnyama ndiye kibali chenyewe. Umesema muda haukusubiri, wakati mswada ukikaa kabatini hauozi. Nini kinachokuharakisha?

Baba Tunu: Basi niseme. Mnyama yupo nyumbani. Ni mtoto wa sokwe, nilimpata kwa mtu aliyesema amemwokoa mikononi mwa wakata kuni, na nilitoa fedha kwa sababu nisingefanya hivyo angekufa. Anakunywa maziwa kwa chupa. Usiku hulala kifuani kwa Tunu, na Tunu humshika mkia mpaka wote wawili wanasinzia. Urafiki wa namna hiyo hauigizwi, na nikichelewa atakuwa mkubwa na filamu itakuwa imekwisha kabla ya kuanza. Tukimaliza nitamkabidhi mahali panapomfaa. Sioni kosa la mtu aliyeokoa uhai.

Wakili Mtarajiwa: Kosa lipo, hata kama nia yako ilikuwa njema. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009, mnyamapori ni mali ya umma, na kumweka nyumbani bila kibali ni kosa, awe amenunuliwa, ameokotwa au ametolewa zawadi. Baadhi ya makosa ya sheria hiyo huangukia kwenye uhujumu uchumi, ambako dhamana si jambo jepesi. Fikiria pia kwamba filamu yako ingekuwa ushahidi uliourekodi kwa mkono wako na kuupeleka mwenyewe kwa Bodi.

Mwalimu wa Kasulu: Baba Tunu, mama wa huyo mtoto yuko wapi? Sokwe jike huzaa mara moja katika miaka mitano hivi, na mtoto hunyonya na kubebwa miaka hiyo karibu yote. Hamwachii mtu. Kwa kawaida anayemchukua mtoto huwa amemuua mama kwanza. Fedha uliyotoa haikuokoa chochote, ila imemwonyesha muuzaji kwamba biashara ipo na kesho arudi msituni. Tunu akija kukuuliza swali hili akiwa na miaka kumi na mitano, utamjibu nini?

Bibi wa Cheyo: Sisi tulifuga tumbili nyumbani. Alikuwa akimchambua mume wangu nywele barazani huku jirani wakija kutazama, na watoto walimpenda kuliko paka. Alipokomaa alianza kumchagua wa kumtii na wa kumvamia, na aliyemvamia alikuwa mdogo kuliko wote. Mjukuu wangu ana kovu chini ya jicho mpaka leo. Tumbili yule hakuwa mbaya. Alikuwa tumbili, nasi tulimtaka awe mtoto wetu.

Mzee wa Kibirizi: Nimeusoma uzi huu tangu juu na kuna jambo limenizuia. Nimepakia wageni wa Gombe kwenye boti tangu ujana wangu, na sokwe nimewaona kwa macho haya. Sokwe hana mkia. Awe mchanga au mzee, mkia hana kabisa. Sasa huyo Tunu anashika nini usiku? Wanajukwaa, hii ni chai. Mleta uzi anatujaribishia mswada wake, aone tutalia wapi.

Muha wa Buhigwe: Hata mimi nilianza kuhisi. Binti, mnyama, mtu mwovu aliyeuza, baba asiyelala: filamu nzima iko hapa.

Mwalimu wa Kasulu: Kama ni hadithi, ndugu, umetutendea vibaya, kwani nimeijadili na wanafunzi wangu.

Baba Tunu: Wallahi situngi. Mimi si mzaliwa wa huku, nimehamia kikazi, na aliyeniuzia alisema ni sokwe nikamwamini. Ana manyoya meusi, uso na masikio vya rangi ya waridi, masikio makubwa kuliko kichwa chake kinavyostahili, na mkia anao. Hapa mapajani, kwenye mikunjo, ameanza kuota manyoya ya hudhurungi.

Mzee wa Kibirizi: Basi naiondoa kauli yangu ya chai. Mtu anayetunga asingejua habari ya manyoya ya mapajani. Huyo ni mtoto wa nyani. Huzaliwa mweusi, uso wa waridi, na baada ya miezi michache hubadilika rangi. Ukishuka Gombe utawakuta ufukweni, majike wamewapakata wa aina hiyo hiyo. Umeuziwa nyani kwa bei ya sokwe.

Baba Tunu: Kama ni nyani, naona jambo limekuwa jepesi. Nyani wanafukuzwa kila siku kwenye mashamba ya mahindi na hakuna anayeuliza. Naweza kuendelea angalau na sehemu za mwanzo.

Wakili Mtarajiwa: Halijawa jepesi. Nyani naye ni mnyamapori, na sheria ni ile ile.

Mpiga Picha Mkongwe: Baba Tunu, nami nikwambie kama mtu wa kazi moja nawe. Mwaka 1970 ilitoka filamu iliyopigwa Kenya, na ndani yake alikuwemo ndama wa tembo aliyeitwa Pole Pole. Watazamaji walimpenda. Kisha akapelekwa bustani ya wanyama ya London, na mwaka 1983 akafa huko. Waigizaji wawili walioigiza naye, Virginia McKenna na Bill Travers, walianzisha mwaka 1984 shirika la kupinga wanyama kufungiwa, kwa sababu ya tembo huyo. Wengine hukutajia filamu ya mwaka 2018 iliyopigwa Afrika Kusini, ya msichana na simba mweupe. Ile ilichukua takriban miaka mitatu ili wakue pamoja, chini ya macho ya mtaalamu wa simba kila hatua. Wewe una chupa ya maziwa.

Filamu yako bado inawezekana. Omba kibali, nenda Gombe na lenzi ndefu, wapige nyani ufukweni asubuhi wanaposhuka. Tunu mpige siku nyingine, kijijini, akitazama pembeni ya kamera, akicheka, akinyoosha mkono na kuurudisha. Mhariri ataviunganisha. Mtazamaji hataona mahali pa mshono, kwa sababu anachofuata ni macho ya mtoto. Nimefanya hivyo na ndege, na watu waliniuliza niliwezaje kumfundisha.

Daktari wa Mifugo: Usiku huu Tunu asilale naye. Kifua kikuu na magonjwa mengine ya mapafu hupita kati yetu na jamii ya nyani, huku na huko. Mwaka 1966 sokwe wa Gombe walipatwa na polio, na Mahale leo mgeni huvaa barakoa mbele yao. Akikwaruza au kuuma, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali, kwa sababu ya kichaa cha mbwa. Usimpeleke msituni mwenyewe: kundi lisilomjua linaweza kumuua, naye anaweza kuwapelekea maradhi ya nyumbani kwako. Mpigie afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, eleza yote, na umtaje muuzaji.

Baba Tunu: Muuzaji nina namba yake. Wakili, nikipeleka mwenyewe kwa hiari, watanichukulia vipi?

Wakili Mtarajiwa: Siwezi kukuahidi watakavyoamua. Nenda na wakili aliyesajiliwa, asubuhi, kabla jirani hajakutangulia.

Baba Tunu: Nimemwambia mama yake Tunu, naye anakubaliana nanyi tangu zamani. Tunu hajaambiwa bado na sijui nianzeje. Mpiga Picha, hiyo lenzi ndefu inakodishwa Kigoma au niagize Dar es Salaam?

Mpiga Picha Mkongwe: Yangu iko Ujiji. Peleka mnyama kwanza, kisha uje tuongee.