Kwa nini Mzee Roshi aliingia mashindanoni kwa kujificha?

Wadau, narudia Dragon Ball, katuni ya Kijapani (manga) ya Akira Toriyama, toka mwanzo. Mzee Roshi, mwalimu wa mapigano, kawasambazisha wanafunzi wake Goku na Krillin maziwa alfajiri, kawalimisha shamba kwa mikono mitupu, kisha kawabebesha magamba ya kobe ya kilo 20. Halafu kwenye mashindano ya mapigano anavaa wigi, anajiita Jackie Chun na kupigana nao! Kwa nini?

— Aliogopa wakishinda mapema watavimba kichwa, waache mazoezi.

— Tabia yake kwa wasichana siipendi kabisa. Ila ualimu anaujua: kuna jiwe aliliandika, akalitupa msituni, mwanafunzi atakayelileta ndiye atakayekula.

— Asanteni sana. Goku alipopoteza fainali niliumia mno. Leo usiku naisoma upya.