Mrejesho: baiskeli ya mashindano kwa laki nane

Wakuu, mwezi Machi niliuliza kama laki nane inatosha kuunda baiskeli ya mashindano hapa Arusha. Imetosha, nimezidisha elfu arobaini tu.

Mlionikataza kukimbilia fremu ya kaboni ya mtumba, asanteni sana. Nilichukua ya alumini, nikakagua kila palipolehemiwa kabla ya kutoa hela. Gia ni Shimano Claris (aina ya gia za kampuni ya Shimano), 8 nyuma na 2 mbele. Cheni na kaseti (meno ya gia za nyuma) zake ni nafuu kuliko za gia 11, na zikichakaa sitalia.

Kosa langu lilikuwa magurudumu. Nilinunua ya bei chee. Wiki ya pili ringi ya nyuma ikapinda, spoku mbili zikakatika. Fundi alisuka upya kwenye ringi imara ya spoku 32 na mpaka leo imenyooka. Ningeanza na hiyo, nisingezidisha hata shilingi.

Tairi ni za upana wa milimita 28 badala ya 23, fremu imezipokea vizuri. Mikono haifi ganzi tena. Jumamosi nimefika Moshi, kama kilomita 80, bila pancha!

Siti bado inaniumiza, nitaibadilisha mwisho wa mwezi.