Mada: Kuendesha lori juu ya barafu huko Yellowknife, kaskazini mwa Kanada, naombeni ukweli

Kutoka: Kijana wa Brampton

Shikamooni wakubwa, na wengine habari zenu. Leseni ya AZ, ile ya kuendesha semi huku Ontario, nimeipata mwaka jana. Kabla ya kuja Kanada nilikuwa nakamata semi Dar–Tunduma–Kasumbalesa, miaka sita. Sasa kuna mtu anajiita wakala, anasema atanitafutia kazi ya msimu kwenye barabara ya barafu, kupeleka mizigo migodi ya almasi mwezi wa pili na wa tatu. Anataka nimtangulizie dola 1,500. Anasema hela ya miezi miwili kule ni kama ya nusu mwaka huku. Mke wangu hataki hata kusikia. Kuna aliyewahi kufika?

Kutoka: Kaka wa Edmonton

Marahaba mdogo wangu. Ujumbe wako nimeusoma jana usiku nikaona nisikujibu juu juu, maana barabara hiyo nimeiendesha misimu minne.

La wakala kwanza: usimpe hata senti. Hapa jimbo la Alberta sheria inakataza wakala kumtoza ada anayetafuta kazi. Kampuni zenyewe huanza kutafuta madereva mapema kabla ya msimu, na kitu wanachokitaka ni rekodi yako ya barabarani na miaka uliyoendesha kwenye baridi.

Sasa barabara. Inaanzia ziwa Tibbitt, kilomita 70 hivi mashariki ya Yellowknife, na tangu 1982 inatengenezwa upya kila mwaka. Hufunguliwa mwisho wa Januari au mwanzo wa Februari, mwisho wa Machi imekwisha. Wiki nane hivi basi. Sehemu kubwa ya njia ni maziwa yaliyoganda, na kati ya ziwa na ziwa unapanda kipande cha nchi kavu, tunakiita poteji. Ziko zaidi ya 60. Mzigo mwingi ni dizeli ya migodini.

Wewe umetoka kwenye njia ambayo dereva anasifiwa kwa kuwahi. Nakujua hata kama hatujaonana, nami nilitoka huko huko: ukishavuka mizani unafidia muda uliopotea kwenye foleni. Kule juu, ukiwa na mzigo, kwenye barafu ni kilomita 25 kwa saa, na ukiingia au kutoka baadhi ya maziwa unashuka hadi 10. Kuna walinzi wanaopima mwendo, na ukizidisha unaweza kusimamishwa. Hadi mgodi wa Ekati ni kama kilomita 400. Gawanya kwa 25 uone: saa 16 za usukani, mbele yako weupe mtupu. Tunaondoka kwa misafara ya magari yasiyozidi manne, msafara na msafara dakika 20, gari na gari mita 500.

Sababu ya mwendo huo nataka uishike vizuri, maana ndiyo kazi yenyewe. Barafu inaelea. Lori la tani 60 likipita, barafu inabonyea, maji ya chini yanasukumwa, na linatokea wimbi linalotembea pamoja nawe usiloliona. Ukienda polepole linasambaa. Ukikimbia linajaa, na ukikaribia ukingo wa ziwa, maji yakiwa ya kina kifupi, wimbi linakosa njia, linageuka na kuipasua barafu kutoka chini. Magari mepesi huruhusiwa barafu ikifika unene wa sentimita 70 hivi. Kwa mzigo kamili wa trela mbili inatakiwa ikaribie mita moja na zaidi kidogo. Wanapima kwa rada inayokokotwa juu ya barafu. Lakini unene huo wanaupigia hesabu wakijua wewe utatii mwendo.

Msimu wangu wa pili nilikuwa gari la tatu, usiku, baridi hasi 38, tunakaribia poteji. Nilikuwa nimeshuka hadi 10. Kwenye kioo cha pembeni nikaona taa za gari la nne. Taa za lori lililo mita 500 nyuma huziona ndogo, zimekaribiana. Hizi zilikuwa zimeachana, na zinakua. Barafu kutoa milio ni kawaida, siku nzima inalia, unazoea. Mlio ule ulikuwa mwingine: mzito, nikausikia kwenye kiti kabla ya masikio. Ufa mweupe ukatoka chini ya mlango wangu ukaenda mbele kama mtu anachora kwa chaki, na nyuma yake maji yakaanza kuchuruzika juu ya barafu, yanafuka mvuke. Nikashika redio nikamwambia ajizuie taratibu, asikanyage breki ghafla wala asisimame. Mimi sikuongeza mwendo hata kidogo, ijapokuwa mguu ulikuwa unataka. Kutoka pale hadi nchi kavu palikuwa karibu mita 80, na sijawahi kuendesha mita ndefu kama zile. Tulitoka wote. Mafundi wa barabara wakaifunga njia ile wakaanza kuipiga maji igande upya. Dereva wa gari la nne alikuwa na miaka 20 ya lami. Alikaa kambini Lockhart na kikombe cha chai mbele yake hadi kikapoa, hakukigusa.

Kuhusu pesa, wakala hakusema uongo wote, msimu mzuri unalipa. Ila unalipwa kwa tripu. Mwaka 2006 joto liliikatisha barabara mapema, mizigo iliyobaki ikabidi ipande ndege, na dereva asiye na tripu hana kitu. Usiache kazi ya kudumu kwa hesabu ya mtu mwingine.

Ushauri wangu: endesha majira mawili ya baridi kwenye barabara za kawaida kwanza. Edmonton hadi Yellowknife ni kama kilomita 1,500, na tangu daraja la Deh Cho lifunguliwe 2012 huvuki tena mto Mackenzie kwa kivuko wala juu ya barafu. Njia hiyo itakufundisha dizeli inavyoganda kama mafuta ya nazi asubuhi ya Julai Njombe, upepo wa breki unavyoziba kwa sababu ya unyevu kidogo tu ulioganda, na kwa nini injini haizimwi bila kuchomekwa hita kwenye umeme.

Na jambo moja linaniuma. Aprili 2018, karibu na Humboldt, Saskatchewan, lori liligongana na basi la timu ya vijana ya hoki, wakafa watu 16. Dereva wa lori alikuwa mhamiaji aliyepewa gari baada ya mafunzo ya wiki chache tu. Mwaka uliofuata Alberta na majirani zake wakalazimisha mafunzo kabla ya leseni. Kila nikiona kijana wetu anasukumwa kwenye kazi asiyoandaliwa, nawakumbuka wale watoto, na dereva yule pia.

Kutoka: Dada wa Yellowknife

Kaka amemaliza la barabara, mimi naongeza la mwili. Fulana ya pamba usiivae ndani, ikilowa jasho inakugandisha, vaa sufu. Nguo nzito zisikae nyuma ya kiti chini ya mabegi, ziwe mahali mkono unafika gizani, kwa sababu injini ikizima kabini inapoa haraka mno. Chuma usikishike kwa mkono mtupu. Na kama unafunga, Ramadhani siku hizi inaangukia msimu huo huo. Zungumza na msimamizi kabla hujapanda gari, usisubiri kizunguzungu kikukute katikati ya ziwa.

Kutoka: Kijana wa Brampton

Asanteni sana, kaka na dada. Wakala nimemwambia hapana, amenitukana kisha akaniblock. Mke wangu amesoma yote, ya ufa amerudia mara mbili. Kaka, hiyo ya Edmonton–Yellowknife, wanachukua mtu mwenye leseni ya Ontario wa mwaka mmoja?

Kutoka: Kaka wa Edmonton

Wapo wanaochukua, ila watakupandisha gari na dereva mzoefu kwanza, na ukikuta asiyefanya hivyo mkimbie. Njoo Septemba, kabla theluji haijaanguka. Buti zangu za zamani zinahimili hasi 40 na bado nzima, namba 43. Niambie kama zinakuenea, nisizigawe.